Ufunguo wa Bweni Unalala kwa Nani?



Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, moto uliteketeza bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa. Wanafunzi 10 walifariki dunia. Tunamuomba Allah awarehemu na awape subira wazazi wao.

Baada ya msiba ule, kamati yetu hapa Karagwe ilikagua bweni la madrasa yetu wenyewe, nasi tuliona haya. Mlango ulikuwa mmoja, madirisha yote yana nondo, na ufunguo alikuwa nao mlinzi, naye yuko getini. Kumbe tuliwahofia wezi kuliko moto! Mlezi wa usiku naye alikuwa mwalimu yuleyule aliyefundisha mchana kutwa. Mtu aliyechoka hivyo ataamka saa ngapi, na atawahesabuje watoto gizani?

Tulitoboa mlango wa pili unaofungukia nje, tukaajiri mlezi mwingine ili wapokezane. Fedha zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya mnara. Tuliwaomba wachangaji idhini, na waliokataa tuliwarejeshea michango yao. Baadhi yao hadi leo hawajaturidhia.

Mzazi, unapompeleka mwanao bweni huuliza ada na matokeo ya mtihani. Omba pia uoneshwe anapolala. Uliza ufunguo unalala kwa nani, na kama mlezi anaijua namba 114 ya Zimamoto. Sisi siku ile tuliulizana, hakuna aliyeijua.