Mtoto wa Kafala na Usingizi Uliomkimbia



Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa Likoni, macho mekundu kwa kukesha. Yeye na mumewe wamemchukua kwa kafala mtoto wa miaka 7 aliyekuwa katika makao ya watoto. Mchana ana adabu, anakula vizuri, anakwenda madrasa. Usiku ukiingia hataki kulala. Huzunguka nyumba akijaribu makomeo ya milango, na usingizi ukimshinda hupiga mayowe au hulowesha godoro. Majirani wamesema ni jini. Mume amesema arudishwe alikotoka. "Mwalimu, nifanyeje?"

Nilimuuliza jambo moja: huko atokako alikuwa akilala vipi? Chumba kimoja na wenzake kumi na mmoja, taa ya ukumbini ikiwaka usiku kucha. Hapa, kwa wema mtupu, amepewa chumba chake peke yake, mlango ukafungwa na taa ikazimwa. Kimya kile ndicho kilichomtisha.

Mtoto aliyetenganishwa na watu wake hujifunza kulinda zamu. Kulala ni kujisalimisha, naye hajawa na hakika kwamba akiamka atawakuta. Huo si ukaidi, na kiboko hakiutibu.

Mayowe nayo yana namna mbili. Kuna kuweweseka, ambako huja katika theluthi ya kwanza ya usiku: mtoto amefumbua macho, hakutambui, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyo usimwamshe; mkinge tu asijiumize, hali hiyo hupita. Jinamizi huja zaidi kuelekea alfajiri, naye huamka akiikumbuka ndoto yake. Huyo mkumbatie. Mchana, akiridhia, aichore ile ndoto na kuibuni upya iwe na mwisho mwingine. Ndiyo tiba wanayoitumia washauri nasaha, na mzazi aweza kuianza.

Kuhusu kukojoa kitandani, neno "kikojozi" lisitamkwe nyumbani humo, hata kwa mzaha wa mashangazi. Tandika mpira juu ya godoro, badilisha shuka bila hotuba. Apelekwe kwa daktari, kwani huenda chanzo ni maambukizo ya mkojo au choo kigumu. Anayekoroma sana aangaliwe mafindofindo.

Mengineyo ni mpango: chakula cha jioni mapema, simu na televisheni kuzimwa, kuoga, hadithi fupi, kisha Ikhlas, Falaq na Naas, kwa utaratibu uleule na wakati uleule kila siku. Mtoto wa umri huo anahitaji muda wa saa 9 hadi 12 za usingizi. Dua ni ngao, nami sizuii kisomo. Lakini kumfukizia ubani mtoto aliyekwisha kuogopa, huku watu wazima wamemzunguka wakimkemea jini, ni kumwongezea hofu. Wala asinyweshwe dawa ya kikohozi ili asinzie. Hali ikiendelea kwa majuma, au akianza kujidhuru, aonwe na mshauri nasaha aliyesomea watoto waliopatwa na misiba.

Nasema haya kwa sababu kafala sasa imetajwa katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia. Nyumba zetu zitawapokea wengi. Siku ya kumpokea mtoto hupikwa pilau na jamaa hujaa. Usiku wa tatu mama hubaki peke yake na shuka mbichi.

Mama yule nilimshauri atandike mkeka kando ya kitanda cha mtoto, aache mlango wazi na taa ndogo ikiwaka, kisha ausogeze mkeka kidogo kidogo. Nilimwomba pia amweleze yote afisa wa watoto anayelisimamia jambo lao, wala asione haya.

Ijumaa iliyopita alirudi. Mtoto bado hulowesha godoro mara mbili au tatu kwa wiki, ila makomeo hayagusi tena. Mume amekubali kungoja hadi baada ya Idi. Mkeka umefika mlangoni.