Pedi isianikwe uvunguni

Sisi mafundi cherehani wa Nyasubi, Kahama, tunashona magauni ya harusi na pedi za kitambaa. Pedi ya dukani tunaiita pamba, kumbe mara nyingi ndani ni nyuzi za mti, hasa msonobari, zilizopikwa kwa kemikali na kufanywa nyeupe. Nyingi huongezwa chembe zinazogeuza majimaji kuwa kama jeli.

Kitambaa hakina chembe hizo. Kinataka kubadilishwa mapema, kufuliwa kwa sabuni na kukauka juani. Lakini wengi wetu tunakianika uvunguni, kwa haya. Hapo tunakosea. Dini imetufunza haya, na imetufunza usafi pia. Somo anayemfunda bibi harusi amwambie hilo waziwazi.