Kufunika Kuvu si Kuiondoa

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Siku hizi wamezuka wenye nyumba wanaojenga ukuta ili ufa usionekane. Msimu wa baridi uingiapo, kati ya Juni na Agosti, kuvu nyeusi huchomoza kwenye kuta za mawe kuanzia Limuru hadi Nairobi. Mpangaji akilalamika, fundi huletwa na bodi za jasi, ukuta ukafunikwa, kisha kodi ikapandishwa kwa kisingizio kwamba nyumba imerembeshwa na baridi imezuiwa.

Yafaa tufahamu maji hayo yatokako. Hewa yenye joto la nyuzi 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, hubeba gramu 9 tu. Ziada hugeuka matone mahali palipo baridi zaidi: kwenye vioo, katika pembe za dari na nyuma ya kabati lililoegemezwa ukutani. Mvuke huo twautoa sisi wenyewe tunapopika, tunapoanika nguo chumbani na hata tunapopumua usingizini. Stovu ikiteketeza lita moja ya mafuta ya taa, hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji.

Sasa na tutazame kazi ya zile bodi. Joto la chumba halilifikii tena jiwe, nalo jiwe huzidi kupoa. Mvuke unaopenya kwenye maungio na kando ya swichi za umeme hugeuka maji nyuma ya bodi, pasipo jicho wala upepo. Huko kuvu hustawi ikijilisha karatasi iliyoifunika bodi yenyewe.

Sisemi watu wasijikinge na baridi. Nasema kazi ifuate utaratibu. Kwanza paa, mifereji na mabomba yanayovuja yatengenezwe, ukuta uachwe ukauke na kuvu isuguliwe yote. Ndipo bodi zibandikwe bila kuacha mwanya, upande wa chumbani utandazwe karatasi ya nailoni, na kila kiungo kizibwe barabara. Matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo wengi huyaziba kwa magazeti, lazima yabaki wazi. Kuyaziba huku jiko la makaa likiwaka ndani ni kuhatarisha maisha.

Wenye nyumba hudai kwamba mpangaji ndiye mkosaji kwa kuwa hafungui madirisha. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini afungue dirisha gani yule ambaye chumba chake kimoja ndicho jiko na malazi, na dirisha lake limekabiliana na ukuta wa jirani? Huko Rochdale, Uingereza, baba mmoja alianza kulalamikia kuvu mwaka wa 2017 akaambiwa aipake rangi. Mwanawe, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 akiwa na umri wa miaka 2. Mnamo Novemba 2022 uchunguzi rasmi ulithibitisha kwamba kuvu ya nyumba hiyo ndiyo iliyomletea maradhi ya kupumua yaliyomuua. Tangu Oktoba 2025, sheria yenye jina lake inawalazimisha wasimamizi wa nyumba za kijamii nchini humo kushughulikia unyevu na kuvu hatari kwa muda uliowekwa.

Nasi tunazo sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na Sheria ya Afya ya Umma inakataza nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya. Maafisa wa afya wa kaunti wasingoje msiba. Wazikague nyumba za kupangisha, na mwenye nyumba asiruhusiwe kufunika ukuta wenye unyevu kabla hajaondoa chanzo chake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na katika nyumba hizi, anayeficha ni mmoja, anayekufa ni mwingine.