Afisi Ikihama, Daftari Lihame Nayo

Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilibomoa upande wa mlima Hanang. Matope na mawe yakaushukia mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Nchi ile ilikuwa ya Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002, basi msiba ule ni wetu pia. Serikali, pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu, iliwajengea waliookoka nyumba mpya huko Waret.

Twashukuru sana. Lakini sisi makarani twajua kwamba kuhamisha watu si kujenga nyumba tu. Mgonjwa wa kifua kikuu akikatiza dawa, ugonjwa humrudia. Na jina lake na siku zake za dawa zimo daftarini. Daftari likizama topeni, mganga hana pa kuanzia.

Nasi twakaa chini ya Meru, na mito ya Themi na Naura yapita mjini. Yatupasa kunakili madaftari kabla ya masika, nakala ziwekwe pahali pa juu, na kila afisi ya matibabu ijue itahamia wapi na nani atawaarifu wagonjwa. Twawaomba wanachama walilete jambo hili mkutanoni.