Je, "Ma Famille" Imepoteza Chumvi?



Siku ya posho iliyopita, hesabu ya AVEC ilipokwisha kufungwa na kisanduku kurudishiwa kufuli zake tatu, lilitokea neno ambalo halikuandikwa kwenye orodha ya mkutano. Mama mmoja mwenye kuuza mafuta ya mawese alisimama, akafunga kikwembe vizuri, akasema pesa za abonema ya dekoda zikatwe. Sababu aliyotoa ni moja tu: "Ile Ma Famille haiko tena ile." Hapo nyumba nzima ikawaka. Wengine walipiga mikono, wengine walipiga kelele, na mwenye kuandika ripoti, ndiyo sisi, alikosa pa kuanzia.

Kwa wasiojua: kila mama wa kikundi chetu hutoa franka 500 kwa juma, na sehemu ya pesa hizo hulipia dekoda iliyo ndani ya nyumba tunamokutania. Mkutano ukiisha tunabaki saa moja kuangalia kipindi pamoja na watoto. Watoto wengi hawana televizyo nyumbani, na wamama wengi, tuseme ukweli, hawana saa ingine ya kukaa chini katika juma lote.

Basi tumeombwa tuandike juu ya neno hilo kabla ya kupiga kura. Tutajaribu, ingawa sisi wenyewe si watu wasio na upande. Ma Famille ilitulea.

Ilianza mwaka 2002 huko Abidjan, Côte d'Ivoire, ikaendelea mpaka 2007. Aliyeiunda ni mwanamke, Akissi Delta, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba hakusoma shule. Kwa mwalimu mwenye diploma ya ISP habari hiyo inachoma kidogo, lakini pia inafurahisha. Kabla ya hapo alikuwa ameigiza pamoja na Léonard Groguhet katika "Comment ça va", kipindi cha zamani cha televizyo ya kwao, na humo ndimo alimojifunzia kazi. Waigizaji wake aliwaachia majina yao: Gohou aliitwa Gohou, Bohiri aliitwa Bohiri, Nastou ni Nastou, Delta ni Delta. Ndiyo maana hata leo, mtu akimwona Michel Gohou ndani ya filme ingine, anasema, "Huyu tena, ametoroka kwa bibi yake."

Je, ilifikaje huku? Mwaka 2002 Butembo na Beni zilikuwa chini ya RCD-K/ML, na Kinshasa ilikuwa mbali kuliko Kampala. Vitu vilipitia Kasindi pamoja na batiki, chumvi na sabuni, na diski nazo zilikuwa humo. Nani alizileta na nani alizinakili, hatukuuliza. Diski moja ilibeba vipindi kadhaa. Ilikwama palepale pa utamu, tukaitoa, tukaipangusa na kikwembe cha mama, tukairudisha, na jenereta ya jirani ikaendelea kunguruma nje. Watu ishirini kwenye kioo kimoja kidogo. Aliyejua Kifaransa vizuri alitafsiri kwa Kiswahili, mwingine akatoa kwa Kinande kwa ajili ya tate, na tate alicheka wa mwisho, peke yake, sisi tukiwa tumesonga mbele. Hapo tulicheka mara ya pili.

Jambo tulilokuja kulijua tukiwa watu wazima ni kwamba nao huko Abidjan walikuwa vitani. Tarehe 19 Septemba 2002 uasi ulianza, na nchi ikakatika vipande viwili, kaskazini mikononi mwa waasi, kusini mwa serikali. Sisi tuliwatazama tukifikiri wanakaa mahali pa amani. Kumbe walikuwa wanacheza maneno ya bwana mwongo na pesa ya soko iliyopotea huku masasi yakilia upande mwingine wa nchi yao, sawa na sisi tulivyokuwa tunacheka huku tukisikiliza nje kama mbwa wanalia vibaya.

Sasa turudi kwa muuza mawese. Anasema imepoteza chumvi. Hasemi juu ya ile ya kwanza, bali juu ya "Ma Grande Famille", iliyokuja miaka mingi baada ya ile kuisha, yenye Delta, Gohou na Bohiri tena, na sura nyingi mpya. Tumekaa naye jioni mbili kwenye kibao chake cha mawese, tumemsikiliza.

Anaanza na waliokosekana. Marie-Louise Asseu alifariki mwaka 2016. Angeline Nadié alifariki mwaka 2021. Kipindi cha namna hii kinasimama juu ya watu, na wewe mtazamaji unaingia humo kama vile unaingia kwa jirani. Ukikuta kiti cha mtu ni kitupu, hata chakula kikiwa kile kile, hukai muda mrefu. Wakenya wanajua jambo hilo. Charles Bukeko, yule Papa Shirandula, alipofariki Julai 2020, kipindi chake hakikuweza kuendelea, kwa sababu nani angevaa nguo zile za mlinzi? Na Mzee Ojwang wa "Vitimbi", aliyefariki Julai 2015, mpaka leo watu wanamtaja kama mjomba wao. Kwa hiyo hapo hatumlaumu Delta. Kifo si kosa la mwandishi.

Halafu muuza mawese anasema nyumba zimekuwa kubwa mno. Hapa tuko naye kabisa. Zamani ugomvi ulizaliwa na pesa ya soko: bwana ametoa kidogo, bibi amepika kidogo, mgeni ameingia bila taarifa. Kila mama wa Furu au wa Boikene alijua ugomvi huo unavyoanza na sauti yake inavyopanda. Siku hizi, kwa macho yetu, tunaangalia pazia, viti, magari na nywele, na wakati huo maneno yanapita. Mtu wa nyumba kubwa naye ana shida, hatukatai. Lakini shida yake haitufundishi namna ya kugawa kilo mbili za maharagi kwa watu kumi na mmoja.

Anasema tena hadithi zinavutwa. Zamani fundo lilifungwa na kufunguliwa usiku ule ule, au kesho yake. Sasa majani ya chai yanachemshwa mara tatu. Sawa.

Mpaka hapo tungepiga kura pamoja naye. Lakini wakati wa mapumziko ya shule tulifanya jambo moja. Tuliazima telefone ya mama wa mwanafunzi wetu, tukaangalia upya vipindi vinne vya zamani, vile vile tulivyovililia. Wamama, tulishangaa. Vinachekesha kweli, Gohou akiongopa hakuna kama yeye. Ila mara ngapi wanawake wawili wanavutana nywele kwa ajili ya mwanamume mmoja, na yeye anarudi nyumbani akipiga mluzi? Mara ngapi mzaha wote ni kimo cha Gohou, kwamba yeye ni mfupi? Tulipokuwa na miaka kumi na mitatu hatukuona kitu. Leo tuna mabinti pembeni yetu wanaotazama, na darasani tuna mtoto mfupi anayeitwa Gohou na wenzake, na hacheki.

Kwa hiyo tunapolia kwamba ya zamani ilikuwa bora, sehemu fulani tunalilia miaka yetu kumi na mitatu, na tate aliyekuwa bado hai.

Tukiwa kwa mambo ya shule, tuseme na hili, ingawa halimo ndani ya swali. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita aliandika utungaji wa Kifaransa, na humo dada yake alimwita "go". Hilo ni neno la Nouchi, Kifaransa cha barabarani cha Abidjan, maana yake msichana. Tulichora kwa kalamu nyekundu. Kisha tukaona kwamba ameandika kurasa mbili, na wenzake waliokosa makosa waliandika mistari mitano. Alijua namna ya kuanzisha ugomvi, kuuchelewesha na kuumaliza. Hayo hatukumfundisha sisi. Tulimwongezea pointi mbili, na mwenzetu wa darasa la pili bado anatulaumu.

Kuna kingine kilichobadilika ambacho hakimo ndani ya televizyo. Ni namna ya kukaa. Beni tangu Oktoba 2014 watu wanauawa, jioni imekuwa saa ya kufunga mlango. Halafu ikaja Ebola, ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, na katikati ya siku hizo mbili watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao wa Beni, wa Butembo, wa Katwa, wa Mabalako. Mnakumbuka tulivyosalimiana kwa kiwiko. Nani angejaza watu ishirini ndani ya chumba kimoja? Tulipofunguliwa, kila mtu alikuwa amezoea telefone yake. Sasa kipindi kinakuja kwa vipande vya dakika tatu, bila mwanzo na bila mwisho, kila mtu kona yake. Kicheko cha mtu mmoja ni kifupi. Hata Ma Famille ya 2002, ukiikata vipande hivyo na kuitazama peke yako chini ya blanketi, isingekuwa kitu.

Sasa tufike kwa lile lililotokea mwisho wa mkutano. Wale mliokuwepo mtatusamehe tukilirudia.

Kelele zilipopungua, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Oicha aliomba neno. Huyo hasemi sana. Hata zamu yake ya kuchangia huweka pesa mezani akakaa. Alisema hawezi kuamua kama kipindi kimeharibika, kwa sababu ile ya zamani hakuiona. Kwao hakukuwa na televizyo. Ila mwanawe wa pili, tangu njia waliyokimbilia, hasemi na halali vizuri. Siku ya posho, Gohou anapoanza kumdanganya bibi yake, mtoto huyo anacheka kabla yetu sote. Kifaransa hajui. Anacheka kwa ajili ya uso. Mama alisema, "Mimi nahesabu mara anazocheka," akakaa.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kisha muuza mawese, ambaye si mtu wa moyo mgumu, alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakatai kicheko, anakataa bei yake. Abonema ya miezi mitatu ni mtaji wa mama mmoja kuanza kuuza sabuni au makemba, na yule mama wa Oicha mwenyewe yuko kwenye orodha ya kungojea mkopo. Alisema kweli. Ndiyo ubaya wa jambo hili: wote wawili walisema kweli, na pesa ni zile zile.

Mtatuuliza sisi tunaonaje. Tunaona kipindi kipya kimepungua, ndiyo, hasa kwa maneno. Na cha zamani hakikuwa kitakatifu kama tunavyokikumbuka. Lakini tusiue saa ya kukaa pamoja kwa sababu ya dekoda. Hivyo ni vitu viwili. Vipindi vya kale vinapatikana YouTube, na mega za usiku ni za bei chini. Mtu mmoja anaweza kuvichagua, akaacha vile vya kuvutana nywele, au akavileta makusudi ili tuvizungumze na mabinti wetu wakisikia. Abonema ikatwe miezi mitatu, pesa ziende kwenye mikopo midogo, na mama wa Oicha asirukwe zamu yake. Hayo ni mawazo yetu. Kisanduku si chetu.

Mama mmoja tayari ametuambia kwamba bila dekoda watoto wake watakosa mpira. Tumemjibu kwamba mpira si neno la juma hili.

Basi siku ya posho ijayo, saa tisa, tutaonyesha kipindi kimoja cha zamani na kimoja kipya, kimoja baada ya kingine, mahali pale pale. Tutatafsiri sisi, na tunamtafuta wa kutoa kwa Kinande. Kura itapigwa kwa punje: haragi jekundu ni kuendelea na abonema, haragi jeupe ni kuikata. Kila mtu aje na mawili kutoka kwake. Wenye watoto waje nao, na wanaokaa mbali watoke mapema, tufunge kabla ya giza.