Usomaji wa Jumamosi Usitiwe Maswali

Wako wenzetu wasemao kwamba kukaa siku mbili nzima kusikiliza hadithi ni kazi ya watoto wadogo, wala si kazi ya vijana wa sekondari ambao wazazi wao wamejinyima ili wao wapate elimu. Maneno hayo yalianza kwa mzaha bwenini. Muhula huu yamefika katika baraza la shule, na huko yamezaa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba kila tumalizapo kitabu, wote waliohudhuria wapewe maswali kumi ya kujibu kwa maandishi, na majibu yasahihishwe na kutiwa alama. La pili ni kwamba watahiniwa wa Kidato cha Nne wasiruhusiwe kuhudhuria kabisa. Mimi ni mmoja wa watahiniwa hao, basi msomaji ajue mapema kwamba nasema juu ya jambo linihusulo. Hata hivyo naomba hoja zangu zipimwe kwa uzito wake.

Kwa wasiopata kufika, yafaa nieleze kwanza mambo yaendavyo. Usomaji huu hufanyika mara mbili kila muhula. Huanza Jumamosi saa nane mchana, usafi umekwisha na nguo ziko kambani, chini ya mwembe ulio nyuma ya maktaba. Jua likitua twahamia darasani, na huko twasoma mpaka kengele ya kulala. Katikati twasimama kwa sala na kwa chakula. Jumapili, ibada zikiisha, twaendelea mpaka kitabu kiishe. Kitabu ni kimoja tu, na hilo si kwa kupenda kwetu, bali kwa kuwa maktaba aghalabu haina zaidi ya nakala mbili za kitabu kisichotahiniwa. Kwa hiyo mtu mmoja husoma kwa sauti kurasa nne, kisha humpa jirani yake, na kwa mwendo huo saa moja humaliza kurasa ishirini na kitu. Sheria zetu ni chache. Asiyetaka kusoma hupitisha kitabu bila kuulizwa sababu. Aliyekwisha kukisoma hana ruhusa kusema mwisho wake. Hakuna kumcheka mtu kwa matamshi yake. Kusinzia si kosa, ila kukoroma. Karanga na miwa kila mtu huja na zake, ingawa ukweli ni kwamba wako waheshimiwa fulani ambao tangu tuanze hawajaleta hata ganda.

Safari ya kwanza tulikuwa watu 14. Safari ya mwisho tulikuwa 31, na hakuna aliyelazimishwa wala kuandikwa jina.

Kitabu kilichovuta wengi ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ambacho kilishinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957-1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Hadithi ya upelelezi, mtu aisomapo peke yake, ina kishawishi chake: huruka kurasa akatazama muuaji ni nani, kisha akarudi nyuma akajifanya hajui. Lakini kisomwapo na watu 31, kitabu kiko mkononi mwa mwingine, na huna la kufanya ila kungoja. Sote tulikwenda hatua kwa hatua nyuma ya Bwana Msa na kiko chake, na kila kurasa nne zilipoisha palikuwa na mtu amekwisha kumhukumu asiyehusika. Wakati wa chakula cha jioni meza yetu ilikuwa na washukiwa wengi kuliko maharage.

Tulipata na faida nyingine ambayo hatukuitazamia. Kiswahili cha mwandishi huyo ni cha Unguja, na maneno yake mengine sisi wa bara hatujapata kuyasikia. Hapakuwa na haja ya kamusi, maana wenzetu wa Tanga na Bagamoyo walikuwapo, wakatueleza, tena kwa kujivuna kidogo. Tulipokuja kusoma Dunia Uwanja wa Fujo cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1975, zamu iliwageukia wenzetu wa Ziwa. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na mwenzetu mmoja wa huko, ambaye kwa kawaida husema maneno matatu kwa siku, jioni ile alitueleza habari za visiwa vyao hata tukasahau kwamba kitabu kimefunguliwa mapajani mwa mtu. Shule yetu hukusanya vijana wa mikoa mingi, lakini yanipasa kusema kwamba miaka mingi twalala vitanda vya jirani bila kuulizana jambo lolote la maana.

Sasa nije kwenye maswali kumi.

Mwezi wa nne tulisoma Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi, kilichochapishwa mwaka 1978. Chasimulia maisha ya bwana wa shamba huko Unguja kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na ya watu waliomtumikia kwa mateso. Mmoja wao ni Kijakazi, mwanamke aliyemtumikia bwana huyo kwa utii usio na mpaka, huku akilipwa matusi na vipigo. Kitabu kilipofungwa Jumapili jioni hakuna aliyenyanyuka. Kisha mtu mmoja akauliza: utii wa Kijakazi ulikuwa wa mapenzi, au ulikuwa wa hofu iliyokaa mwilini muda mrefu hata yeye mwenyewe akaidhani kuwa ni mapenzi? Mjadala ulianza hapo, ukaendelea tukiwa kitandani taa zimezimwa, na Jumatatu asubuhi ulikuwa bado unaendelea kwenye mabomba ya kuoshea sahani, baina ya watu ambao nusu yao hawakuhudhuria. Swali hilo hakuna mwalimu aliyelitunga, wala halikuwa na alama.

Nauliza, lau tungalijua kwamba kuna maswali kumi yanatungoja, je, hilo la Kijakazi lingaliulizwa? Sidhani. Mtu ajuaye kwamba ataulizwa husikiliza na kalamu mkononi. Huandika majina, huandika mahali, hutafuta dhamira, hutenganisha wahusika wakuu na wadogo, na afikapo mwisho huwa na karatasi iliyojaa na kichwa kilicho kitupu. Najua hivyo kwa kuwa ndivyo tufanyavyo darasani, na darasani yafaa tufanye hivyo, maana ndiyo kazi ya darasa. Lakini mkulima arudipo shambani jioni hapewi jembe la kulia ugali.

Kuna na hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Yupo mwenzetu wa kidato cha chini mwenye kigugumizi. Safari mbili za kwanza alikaa pembeni, na kitabu kilipomfikia alikipitisha. Safari ya tatu alikishika. Alisoma ukurasa mmoja na nusu, na kwa mwendo wake alichukua muda ambao mwingine angalimaliza kurasa sita. Watu 30 walinyamaza wakimsikiliza. Siku hizi hukimaliza kipande chake chote kama wengine, na sisi twapata nafasi ya kumenya karanga. Mwalimu wake asema kwamba hata darasani ameanza kunyosha mkono. Waletao pendekezo la alama wanijibu: ungemtia kijana huyu alama ngapi siku ile aliyokipitisha kitabu? Sifuri? Basi asingalirudi.

Wala tusidhani kwamba kusomeana vitabu ni jambo jipya tulilolizua sisi. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, wakati ambapo vitabu vyote viliandikwa kwa mkono na wenye navyo walikuwa wachache. Wengi waliozijua tenzi za kale walizijua kwa kuzisikia zikisomwa kwa sauti mbele ya watu. Huko Kuba, tangu mwaka 1865, wafanyakazi wa viwanda vya sigara walikuwa na msomaji wao, akaaye juu ya kiti kirefu na kuwasomea magazeti na riwaya huku mikono yao ikisokota tumbaku; nao ndio waliomlipa kwa kuchanga katika mishahara yao. Katika mji wa New Bedford, Marekani, watu hukutana kila Januari kusoma kwa zamu riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville, mfululizo, usiku na mchana, kwa muda wa saa 25 hivi. Sijapata kusikia kwamba huko mtu hupewa karatasi ya maswali mlangoni.

Pendekezo la pili, la kutuzuia Kidato cha Nne, lina sura ya huruma. Twaambiwa kwamba mtihani wa taifa ni Novemba na kila saa ni mali. Ni kweli. Lakini tuzihesabu hizo saa. Usomaji mmoja huchukua kama saa 12, na mara mbili ni saa 24 katika muhula mzima. Nimekaa bwenini mwaka wa nne sasa, na naijua Jumamosi ya mtahiniwa. Hufua, hulala, hubishana habari za Simba na Yanga mpaka sauti ikamkauka, kisha hufungua daftari la hesabu saa moja kabla ya chakula ili dhamiri isimsumbue. Simlaumu, kwani mwili umechoka. Nasema tu kwamba saa hizo 24 hazitoki katika Fizikia. Zatoka katika Simba na Yanga.

Tena huo mtihani wenyewe tuutazame vizuri. Takadini cha Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni vitabu ambavyo kwa miaka mingi vimetumika kwa mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Nne. Mwulize mtahiniwa yeyote habari za Takadini, atakujibu bila kuvuta pumzi: dhamira kuu ni ubaguzi dhidi ya mwenye ualbino, mapenzi ya mama, mgongano wa mila. Mwulize Sekai alitorokaje na mwanawe, na walipokelewaje kule walikofika, utaona macho yake yatafuta msaada. Hakukisoma kitabu. Alisoma kitini chenye kurasa tano kilichonakiliwa kutoka kwa kitini kingine. Watu wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri, na hao ndio tuambiwao kwamba usomaji wa kitabu kizima utawaharibia! Mimi ningependa vitabu viwili hivyo visomwe Jumamosi moja kila kimoja, kuanzia jalada hadi jalada, bila kuambiwa dhamira. Baada ya hapo mwalimu na atie maswali yake Jumatatu, darasani, mahali pake.

Wako pia walalamikao kwamba twasoma Kiswahili ilhali masomo karibu yote twafundishwa kwa Kiingereza. Hili lina ukweli ndani yake, nami nina shauri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika riwaya yake ya Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Tukipata nakala moja ya kila lugha, twaweza kusoma sura moja kwa Kiingereza na kisha sura hiyo hiyo kwa Kiswahili. Utachukua muda mrefu, na huenda tukahitaji Jumamosi tatu. Lakini kijana asomaye habari za Yusuf, aliyetolewa kwao na kupewa mfanyabiashara kwa ajili ya deni la babaye, hatakuwa na nafasi ya kuogopa Kiingereza. Atataka kujua kijana huyo alipelekwa wapi.

Nakubali jambo moja. Kuanzia Oktoba sisi wa Kidato cha Nne tujitoe wenyewe, bila kufukuzwa, maana mwezi ule wa mwisho hata mpenda vitabu hasikii kitu ila kengele ya mtihani. Nakubali pia kwamba wako wajao kulala, na kwamba viko vipande vya kitabu ambavyo huharibiwa na msomaji asomaye kama anayenadi samaki mnadani. Hayo twaweza kuyarekebisha wenyewe, na la pili tumekwisha kulisema kwa mhusika, naye amesikia.

Kitabu kitakachofuata, Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule mwezi wa saba, ni Kusadikika cha Shaaban Robert cha mwaka 1951. Kinafaa sana kusomwa kwa sauti, kwa kuwa karibu chote ni maneno ya barazani: Karama ashtakiwa mbele ya mfalme, na ajitetea siku sita. Tumeamua kwamba mtu mmoja asome maneno ya mshtaki, Majivuno, mwanzo hadi mwisho, nasi twamtafuta mwenye sauti ya kiburi. Maktaba ina nakala mbili, na moja haina jalada. Wa Kidato cha Kwanza wanakaribishwa kama wengine. Kila mtu aje na mkeka wake, maana viti vya darasani huumiza mgongo ifikapo saa ya tatu.