Fundi Akiondoka, Nani Ashike Kazi?

Katika Mkoa wa Mara iko desturi ambayo sasa imekuwa kama mvua za vuli: hungojewa, huja, hupita. Twasema habari ya wataalamu wa kujitolea watokao nchi za mbali, mabingwa wa fiziotherapia na wenzao wanaomfundisha mgonjwa kuvaa, kula na kufanya kazi upya. Huja kuwafundisha wauguzi na matabibu wetu namna ya kuwatunza wenye ulemavu. Hukaa majuma mawili, pengine matatu, kisha hurudi kwao.

Hatuandiki ili kuwatukana wageni hao. Mtu aliyeacha kazi yake, akajilipia nauli, akaja Musoma au Bunda kufundisha bila mshahara, astahili heshima, na ambezaye hana adabu. Twaandika kuwapinga wenzetu wa hapa hapa wasemao, "Mafunzo yamekwisha kutolewa, basi shughuli imekwisha." Neno hilo si kweli, tena lawadhuru watu wasioweza kuja barazani kulijibu.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni nini. Siku hizi yaitwa utengamao, na wengi hudhani maana yake ni kuponya kilema. Sivyo. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka mwembeni, au kwa pikipiki katika barabara ya Bunda, yamkini asitembee tena kamwe, hata akipelekwa wapi. Lakini aweza kuishi miaka mingi, akauza duka, akasomesha watoto. Au aweza kufa katika miezi michache kwa vidonda vya kulala. Na kinachotenga njia hizo mbili ni nini? Ni kugeuzwa kitandani kila saa mbili, usiku na mchana, na ngozi yake kutazamwa kila siku, na kibofu chake kutunzwa kwa usafi. Katika hayo hamna mashine hata moja. Yupo mtoto mwenye mtindio wa ubongo: mama humlisha amelala chali, uji huingia njia ya pumzi, mtoto hushikwa na homa ya mapafu, na majirani husema amerogwa. Mketishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kiwe kidogo, mama asiwe na haraka. Mara nyingi mtoto yule yule atakula vema zaidi.

Au tutazame mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa na unyayo uliopindia ndani. Zamani dawa yake ilikuwa kisu kikubwa cha mpasuaji. Dkt. Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, alionyesha ya kuwa mguu huo waweza kunyoshwa pole pole kwa mikono na kufungwa plasta, plasta ikibadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano au sita. Kisha mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, na baada yake mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fito: miezi mitatu ya kwanza karibu mchana kutwa na usiku kucha, halafu wakati wa kulala tu mpaka afikapo miaka minne hivi. Mtoto aliyetunzwa hivyo tangu uchanga kwa kawaida hutembea, hukimbia na huvaa viatu kama wenzake. Aliyeachwa hukanyagia upande wa mguu maisha yake yote.

Msomaji aona sasa ya kwamba kazi hii ni ya mkono na ya macho, tena ni ya miaka. Mfumaji wa nyavu kule ziwani hamfundishi mwanawe kwa siku tatu ukumbini. Lakini muuguzi wetu twamketisha siku tatu, twampa chai na posho, twampa cheti chenye muhuri, twapiga picha pamoja na mgeni, na Jumatatu twamtaka awe fundi! Tena tuseme kweli: wako waendao semina kwa ajili ya posho, na wakuu wao wanajua, wakawapeleka kwa zamu kama watu wagawanao nyama ya kisusio. Anayekwenda si yule ashikaye wagonjwa, bali yule ambaye zamu yake imefika.

Liko baya kuliko hilo. Katika hospitali moja tusiyoitaja tulimjua muuguzi aliyefunzwa na wageni hao akafunzika hasa. Alijua kumhamisha mgonjwa toka kitandani hata kwenye kiti cha magurudumu bila kumwumiza wala kujiumiza mgongo. Alijua kupima kiti kimfae mwenyewe, maana kiti kisichomfaa mtu humtoboa vidonda. Haukupita mwaka akahamishiwa kazi ya kuandika madaftari. Aliyewekwa mahali pake hakuwahi kuonyeshwa lo lote. Mwaka uliofuata wageni walikuja wakaanza tena kwa alifu, wasijue kwa nini wanafunzi wao wa kwanza hawapo, na hapana aliyekuwa na ujasiri wa kuwaambia.

Shirika la Afya Duniani lasema watu wapatao bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo utengamao ungeisaidia, na kwamba katika nchi nyingi zenye kipato kidogo na cha kati wataalamu wa kazi hii hawafiki kumi kwa kila watu milioni moja. Basi na tufanye hesabu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Mkoa wa Mara una watu zaidi ya milioni 2.3. Hata tungekuwa na hao kumi kamili, wasingezidi ishirini na wanne kwa mkoa mzima, tangu Rorya na Tarime hata Serengeti. Twawezaje basi kumpoteza hata mmoja kwenye madaftari?

Wengine watatujibu, "Wageni wasije kabisa, huo ni ukoloni wa namna mpya." Hilo nalo tunalikataa. Wamenonaiti walipofika Shirati mwaka 1934 hawakuja kwa majuma mawili. Walikaa, wakajenga hospitali, na baadaye likawako darasa la wauguzi, na wauguzi ndio waliobaki wazungu walipokwisha kwenda zao. Mwaka 1981, kwa msaada wa Wajerumani, kulianzishwa huko Moshi chuo cha kuwafundisha mafundi wa miguu ya bandia na vyuma vya kutegemeza viungo, kiitwacho TATCOT. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika, wala si Tanzania peke yake. Hapo mgeni aliacha chuo, hakuacha cheti. Na wasemao kwamba watu wa vijijini hawafundishiki, wakumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973: watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi, kwa redio na vitabu vidogo, nao viongozi wa vikundi, maelfu kwa maelfu, walikuwa watu wa hapa hapa waliofunzwa kwa ngazi, huyu akimfunza yule.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoandika habari za ujamaa mwaka 1962 alikumbusha methali tuijuayo sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika jambo hili mgeni amekuja na jembe lake begani. Sisi ndio tuliokaa kivulini tukimtazama akilima, tukimsifu jinsi alivyo hodari.

Twataka nini basi? Twataka mgeni yule yule arudi mwaka hata mwaka, wala asiletwe mpya kila safari. Twataka asimfundishe mtu kabla ya kuonyeshwa kwa maandishi ya kuwa mtu huyo atabaki katika kazi hiyo miaka mitatu. Afundishe kwa vitu vilivyopo Musoma: mto wa pamba, ubao, kiti cha seremala wa mtaani. Siku yake ya mwisho asimame pembeni, na mwanafunzi wake afundishe mbele ya macho yake. Tena waganga wakuu na halmashauri wawatafute vijana waliosomea fiziotherapia kule Moshi, wawaajiri. Ni aibu kumwita bingwa toka ng'ambo hali kijana wetu mwenye elimu hiyo anauza vocha za simu. Kuhusu sheria hatuna la kusema sana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, na huduma hizi ni haki ndani yake; upungufu hauko katika karatasi.

Na sisi wanavijiji tusijitoe. Mama wa Butiama mwenye mtoto wa mguu kifundo, akiambiwa ampeleke Musoma kila juma kwa majuma sita, hesabu yake ni safari kumi na mbili, kwenda na kurudi, mtoto mgongoni, na shamba limeachwa. Wengi huacha baada ya plasta ya pili, kisha twasema mama huyu ni mvivu. Katika vijiji vyetu kamati za arusi hukutana Jumapili baada ya ibada, na daftari la michango hupita mkono kwa mkono, na hapana athubutuye kuandika kiasi kidogo. Twaomba daftari la namna hiyo lifunguliwe kwa ajili ya nauli ya mama huyu, tena lifunguliwe kabla mvua hazijaharibu barabara, maana plasta ya juma hili haingoji juma lijalo.